Mafuta ya Ngozi Kavu na Moto wa Jikoni

Mazungumzo ya leo yanahusu krimu na mafuta ya kulainisha ngozi kavu: yale anayopewa mtoto mwenye ukurutu, ambao hospitalini huitwa ekzema, na yale anayopaka mzee ambaye ngozi ya miguu imeanza kupasuka. Mafuta hayo ni tiba nzuri na hakuna anayeshauriwa kuyaacha. Lakini yana hatari moja ambayo haizungumzwi sana katika nyumba zinazopikia kuni na makaa, nayo ni moto.

Katika kaunti za Kitui na Makueni ngozi ina maadui wengi. Upande wa Mutomo, Kyuso na Kibwezi, jua na upepo mkavu hunyonya unyevu wa mwili. Kuanzia Juni hadi Agosti vilima vya Mbooni na Kilungu huwa na baridi, na watu husogea karibu na moto, ambao nao huikausha ngozi zaidi. Tena maji ya visima vingi ni ya chumvi. Povu halitoki upesi, basi mtu huongeza sabuni, na sabuni hiyo huondoa mafuta ya asili yanayoilinda ngozi.

Mtoto mwenye ukurutu hupata taabu zaidi katika hali hiyo. Hujikuna usiku kucha, na mabaka makavu hutokea kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo mara nyingi hayaonekani mekundu. Huwa ya kijivu, au meusi kuliko ngozi iliyo kando yake, na wakati mwingine ni vipele vidogo vidogo tu. Ukurutu hauambukizi. Hautokani na uchafu wa mama, wala mtoto hakurogwa.

Tiba ya kwanza ni kurudisha mafuta kwenye ngozi na kuyafungia humo maji. Mtoto aogeshwe kwa maji ya vuguvugu, muda mfupi, bila sabuni yenye manukato. Akaushwe kwa kugusagusa na taulo, si kwa kusugua, kisha apakwe mara moja ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta hupakwa kufuata uelekeo wa malaika, yaani vinyweleo, bila kusugua kwa nguvu. Kwenye mkebe mkubwa yachotwe kwa kijiko safi, kwa maana vidole vinavyoingia na kutoka huingiza vijidudu. Mtoto ambaye mwili mzima umekauka anaweza kuhitaji gramu 250 au zaidi kwa wiki, kwa hiyo mzazi anayepaka kidogo kama anayepaka usoni asishangae kuona hakuna nafuu. Ikiwa daktari ameongeza dawa ya steroidi, dawa hizo mbili zisipakwe pamoja. Ipakwe moja, ipite nusu saa, ndipo ipakwe nyingine.

Hakuna haja ya kununua kitu cha bei. Mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na manukato, yale ambayo wengi huyaita vaselini, yanafaa sana. Kwenye mikebe mingine huandikwa kwamba ndani mna parafini, na neno hilo huwatisha watu kwa kuwa mafuta ya taa nayo huitwa hivyo. Si kitu kimoja. Parafini ya ngozi imesafishwa na ni salama kwa mwili. Mafuta ya taa huunguza na kuchubua ngozi, na hayapaswi kupakwa kamwe, hata kwa upele wala chawa.

Sasa kuhusu moto. Anayeijua koroboi atalielewa jambo hili bila shida. Mafuta yaliyo ndani ya kopo hayawaki yenyewe. Kinachowaka ni utambi uliolowa mafuta. Ndivyo ilivyo kwa krimu. Ikiwa ndani ya mkebe haina neno. Lakini ikipakwa mwilini kila siku, huingia kwenye nguo, leso, blanketi, shuka na bandeji, ikakaukia humo. Kitambaa hicho kimegeuka utambi. Cheche moja ikikiangukia, hushika moto upesi kuliko kitambaa cha kawaida na kuwaka kwa ukali, na aliyekivaa hubakiwa na nafasi ndogo sana ya kukivua.

Nchini Uingereza, ambako jikoni hakuna mafiga, wasimamizi wa dawa walitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2018, baada ya vifo zaidi ya 50 kuhusishwa nalo. Wengi walikuwa wazee, au watu wasioweza kusimama upesi, walioangukiwa na moto wa sigara au kiberiti. Onyo hilo lilihusu mafuta yote ya kulainisha ngozi, yenye parafini na yasiyo na parafini. Kwa hiyo mafuta ya nazi na ya mbarika yachukuliwe kwa tahadhari ile ile, hata yakisifiwa kwamba ni ya asili.

Hebu tazama jinsi mambo yalivyo katika maboma mengi huku. Mama amempaka mtoto, amemfunga mgongoni kwa leso, kisha ameinama kuchochea kuni. Nyanya amepakwa miguu, amefunikwa blanketi, na kiti chake kimesogezwa karibu na mafiga kwa sababu ya baridi. Yote hayo yanafanywa kwa upendo. Mtoto aliyepakwa ashikwe na mtu mwingine wakati wa kupika, na kama hakuna mtu, akae mahali salama mbali na moto. Kiti cha nyanya kirudishwe nyuma, na avae nguo zaidi badala ya kusogelea moto. Koroboi na mshumaa visiwekwe kando ya kitanda cha aliyepakwa, wala dawa ya mbu ya kuwasha. Anayejipaka asivute sigara, na asiketi na mvutaji.

Nguo na matandiko yabadilishwe na kufuliwa mara kwa mara kwa maji ya moto na sabuni. Hata hivyo kufua hupunguza tu mafuta hayo, hakuyamalizi. Leso iliyofuliwa mara tatu isidhaniwe kuwa mpya. Na sakafu au beseni la kuogea lililoguswa na mafuta huteleza, jambo ambalo limewaangusha wazee wengi.

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na kubingirika, au afunikwe kwa kitambaa kizito ambacho hakijapata mafuta. Kisha jeraha limwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Pasipo mfereji, maji ya mtungi yamiminwe polepole kwa kikombe, yakingwe kwa beseni na kumiminwa tena. Maji ni haba, ndiyo, lakini hapa si mahali pa kuyabania. Dawa ya meno, mayai, samli na kinyesi cha ng'ombe visipakwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe hospitali.

Liko jambo jingine la kuangalia sokoni. Krimu zinazouzwa bila maelezo, zikiahidi kumaliza mwasho kwa siku mbili na kung'arisha ngozi, huenda zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi kali ikitumiwa ovyo hufanya ngozi ya mtoto iwe nyembamba na kuchanika. Zebaki hudhuru figo. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo isinunuliwe, hata kama jirani ameisifu.

Mtoto apelekwe zahanati iwapo mabaka yanatoa usaha au magamba ya rangi ya asali, iwapo ana homa, au iwapo hapati nafuu baada ya wiki mbili za kupakwa vizuri. Yakitokea malengelenge mengi kwa ghafla, yenye maumivu, asisubiri kesho. Mhudumu wa afya ya jamii akipita nyumbani, aonyeshwe mkebe wa mafuta, na pia mahali mtoto anapolala na umbali wake kutoka kwenye moto.