Zana za Kufungulia Gurudumu la Mbele la Pikipiki Nyumbani



Iftin ni mojawapo ya wadi za mji wa Garissa, na maana ya jina hilo katika lugha ya Kisomali ni nuru. Mtu apitaye huko alfajiri huwaona vijana wakipangusa vumbi pikipiki zao, kila mmoja akijitayarisha kwenda kutafuta riziki. Zamani mizigo ya maji, maziwa na kuni ilichukuliwa na punda na ngamia peke yao. Wanyama hao wangalipo, lakini tangu Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, mwaka 2008, chombo hiki kimeenea hata katika manyatta ya mbali.

Chombo kilichoenea hakina budi kutunzwa. Katika nchi hii maadui wa gurudumu ni wawili, yaani mwiba na mchanga. Miiba ya migunga ilikuwako tangu kale. Tena uko mti uitwao mathenge, ulioletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa lisienee. Mti huo umejaa kandokando ya Mto Tana, na miiba yake ni migumu kama misumari. Mwaka uo huo wa 2008 Serikali iliutangaza kuwa ni magugu mabaya. Mchanga nao huingia katika kitovu cha gurudumu, ukala beringi kidogo kidogo pasipo mwenyewe kujua.

Mwendeshaji atokaye Garissa kwenda Dadaab ana safari ya kilometa kama 100, na mafundi si wengi njiani. Huenda amembeba mama mjamzito au mgonjwa. Basi, kujua kufungua gurudumu kwa mkono wake mwenyewe si jambo la anasa. Na njiani si mahali pa kujifunzia. Yafaa ajifunze nyumbani, kivulini, wakati hana haraka.

Si kila pancha inayodai gurudumu lifunguliwe. Tundu dogo huweza kuzibwa kwa kuvuta tyubu upande mmoja, gurudumu likiwa mahali pake. Lakini tyubu ikipasuka na kutaka kubadilishwa, au tairi likiisha, au viatu vya breki vikilika, hapo gurudumu halina budi kutoka.

Zana zinazohitajiwa ni chache. Ya kwanza ni spana mbili, moja ya kufungua nati ya ekseli, na ya pili ya kushika kichwa cha ekseli upande wa pili kisizunguke. Katika pikipiki nyingi ndogo, spana namba 17 au namba 19 ndiyo itakiwayo. Lakini aina hutofautiana, na heri mtu aijaribu spana katika nati yake kabla ya kulipa fedha. Spana iliyolegea hula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe humtesa hata fundi hodari. Ya pili ni koleo, kwa kuchomoa pini inayozuia nati, kama ipo. Ya tatu ni bisibisi. Ya nne ni nyundo, pamoja na kipande cha mti mgumu cha kuweka kati ya nyundo na ekseli, kwa maana chuma kikigongwa kwa chuma, hesi huharibika. Ya tano ni kasha au gogo imara la kutegemeza injini, na ubao wa kuweka chini ya stendi. Zaidi ya hizo yatakiwa grisi, kitambaa safi, na vyuma viwili vya kubandulia tairi, pamoja na pampu na viraka.

Ubao huo usidharauliwe. Mchanga wa Garissa ni mwepesi. Stendi ikizama, pikipiki humwangukia mtu aliyeinama chini yake.

Kazi yenyewe huenda kwa taratibu. Pikipiki husimamishwa juu ya stendi kubwa, na kasha huwekwa chini ya injini hata gurudumu la mbele lining'inie. Kisha nati ya waya wa breki hufunguliwa kwa mkono, na waya wa kipima mwendo hutolewa. Ndipo nati ya ekseli hufunguliwa, na ekseli husukumwa polepole huku mkono wa pili ukilishika gurudumu. Kila kitu kitolewacho hupangwa juu ya kitambaa kwa mfuatano wa kutolewa kwake, ili kirudi kwa mfuatano ule ule kinyumenyume. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kinywa, maana hudhuru mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Grisi hupakwa katika ekseli, wala isiguse viatu vya breki hata kidogo. Katika pikipiki zenye breki ya sahani, mtu asibane kishikio cha breki wakati gurudumu limetoka.

Kufungua ni nusu ya kazi. Kufunga ndiko kwenye hatari. Katika bamba la breki pana mfereji mdogo, na katika mguu mmoja wa mbele ushikao gurudumu pana ncha ya chuma. Ncha hiyo lazima iingie ndani ya mfereji. Ndiyo izuiayo bamba lisizunguke pamoja na gurudumu. Ikiwa haikuingia, siku dereva atakapobana breki, bamba litazunguka, na waya utakatika au gurudumu litakwama ghafula, na abiria atarushwa barabarani. Gurudumu la mbele ndilo liongozalo, na ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha, kwa kuwa pikipiki ifungapo breki uzito wake huinamia mbele. Kosa dogo hapo laweza kuwa kosa la mwisho.

Nati ikiisha kukazwa kidogo, pikipiki hushushwa, breki hubanwa, na sehemu ya mbele hubonyezwa mara mbili au tatu ili kila kitu kikae mahali pake. Ndipo nati hukazwa sawasawa, na pini hurudishwa. Pini iliyokatika isitumike tena. Mwisho gurudumu huinuliwa na kuzungushwa. Lizunguke kwa wepesi bila kukwaruza, wala lisitikisike kushoto na kulia. Breki hujaribiwa kwa mwendo mdogo, dereva akiwa peke yake, kabla hajampakia mtu yeyote.

Yako pia mambo ya kumwachia fundi. Beringi zikilia au zikitikisika, ukingo wa gurudumu ukipinda, au mafuta ya breki yakivuja, mwenye busara hupeleka pikipiki kwa mjuzi. Kujua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya ujuzi.

Wasioweza kununua zana zote peke yao waweza kuchanga fedha katika kikundi chao cha bodaboda, wakaziweka kwa mtu mmoja mwaminifu hapo kituoni. Lakini spana mbili, koleo na pampu visikose katika mfuko wa kila mwendeshaji aendaye mbali. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta. Na katika barabara ya jangwani, asiyebeba spana yake hungojea juani mpaka apite aliyeibeba.