Msukaji Mbele ya Darasa: Ufundi wa Bonde la Kilombero na Elimu ya Usanifu

Nitazungumza juu ya nafasi ya mama zetu wasukaji wa mitaa ya Ifakara na vijiji vya ng'ambo ya mto katika elimu ya usanifu, nami naamini kwa dhati kwamba nafasi hiyo ni ya mwalimu.

Mwaka 1959 jarida la kisayansi la Uswisi, Acta Tropica, lilichapisha makala ya Thierry Freyvogel kuhusu mikeka aliyoikusanya katika Wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Ifakara. Freyvogel alikuwa mtaalamu wa wanyama, na alifanya kazi katika maabara ndogo iliyofunguliwa hapa na Waswisi mwishoni mwa miaka ya 1950. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Mtu aliyekuja kuchunguza wadudu aliona kuwa mkeka nao unastahili kuchunguzwa kwa umakini uleule, na kwa hilo namheshimu. Lakini mkeka uliohifadhiwa ni jibu lisilo na hesabu yake. Hesabu imebaki vidoleni mwa aliyesuka.

Tuitazame hesabu hiyo kwa karibu. Ukindu hukatwa ungali mchanga, ukachanwa, ukaanikwa, na baadhi ya chane zikachemshwa kwenye rangi. Katika msuko mmojawapo, kila chane hupita juu ya mbili na chini ya mbili, na inayofuata huanza hatua moja mbele, ndiyo maana mistari huenda mshazari. Msukaji akitaka nakshi ijirudie, idadi ya chane lazima ilingane na hatua za nakshi hiyo. Chane moja ikizidi, nakshi haifungi pembeni. Kisha kili, yaani mikanda iliyokwisha kusukwa, hushonwa ubavu kwa ubavu, na nakshi ya ukili mmoja ikutane na ya mwenzake. Yote haya hufanyika bila penseli wala karatasi ya miraba, huku mtoto akibembelezwa na sufuria ikiangaliwa isiungue. Anayeyaita haya kazi za mikono tu, akidhani kichwa hakimo, hajawahi kukaa karibu na msukaji.

Majirani zetu wa Msumbiji waliliona hili mapema. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha huko hadi alipofariki mwaka 2014, alichunguza vikapu vya sipatsi vya Inhambane, akatoa humo masomo ya jiometri kwa wanafunzi wa ualimu. Kabla yake, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930, na mwaka 1953 akatoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kinene juu ya ufundi wa jadi wa Uganda. Ni kazi kubwa zote mbili. Hata hivyo, katika taratibu hizo zote, aliyeandika kitabu, aliyeweka alama na aliyetoa cheti alikuwa msomi.

Hapa bondeni, malaria ndiyo iliyowakutanisha tena watafiti na vitu vya fundi. Mbu aina ya Anopheles arabiensis huuma hata nje, jioni, watu wakiwa wanapika na kuzungumza, na aghalabu hulenga miguu. Chandarua hakimsaidii mtu aliyekaa barazani. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichukua kitambaa cha gunia, wakakitia transfluthrin, dawa ambayo mvuke wake hufukuza mbu, kisha wakakiweka kwenye vitu ambavyo watu wanavyo tayari: kwenye ndala, kwenye kiti cha mbao, na kama utepe wa upana wa sentimita 15 kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Mwaka 2017 John Masalu na wenzake walichapisha majaribio ya mapambo ya katani na gunia kwa ajili ya baa za nje. Mwaka mmoja kabla, Johnson Swai na wenzake waliandika juu ya kibanda cha kuhamishika kisichopitisha mbu, kwa ajili ya wakulima wa mpunga wanaolala mashambani msimu mzima. Mimi huu nauita usanifu wa hali ya juu. Mkemia anaujua mvuke. Seremala anajua kiti kinavyokaliwa, kinavyoburutwa na kinavyoachwa mvuani. Ukikosekana ujuzi wa mmoja, dawa inaishia maabara.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Wanafunzi wa usanifu, wawe wametoka Dar es Salaam au Ulaya, wasome sehemu ya kozi yao uani kwa msukaji na kwenye karakana ya seremala. Fundi alipwe kama mhadhiri wa muda, na alama ya kazi ya vitendo aitoe yeye. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, tayari inawapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, basi vyuo vikuu haviwezi kudai kuwa jambo hili haliwezekani. Bidhaa ikizaliwa humo, jina la fundi liwemo na mgawo wake uandikwe kabla ya kuuzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imetambua ubunifu wa jadi, ila sheria haimtetei mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Somo la kwanza lianzie kwenye mikindu yenyewe. Mkindu hupenda ardhi yenye maji, na ardhi oevu ya Kilombero, iliyoingia katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002, inazidi kugeuzwa mashamba na malisho. Mwanafunzi asiyejua ukindu unatoka wapi atachora mkeka usioweza kusukwa miaka 20 ijayo. Na naomba tuanze mpunga ukishavunwa, akina mama wanapopata nafasi; ratiba ya chuo ndiyo isogezwe, ya kwao iachwe ilivyo.