AMEFIKA MMOJA, WENZAKE JE?

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanakisomo wa Ubena baada ya kutazama sinema ya "Malkia wa Katwe"



Sinema tumeitazama pamoja mpaka mwisho. Wengine tumecheka, wengine tumefuta machozi. Sasa tuizungumze. Mtu aliyejua kusoma hasomi herufi tu, husoma pia na mambo anayoonyeshwa.

Sinema hii kwa Kiingereza inaitwa Queen of Katwe. Ilitoka mwaka 2016. Waliotoa fedha ni kampuni ya Disney ya Marekani. Aliyeiongoza ni Mira Nair, mama mwenye asili ya India aliyeishi Kampala miaka mingi. Anayeigiza kama mama mzazi ni Lupita Nyong'o, Mkenya, jirani yetu. Magazeti ya nchi nyingi yaliisifu. Basi na sisi tulipoambiwa kuna sinema ya maskini wa Afrika Mashariki walioinuka, tukaingoja kwa hamu. Tumeitazama, na tunasema wazi: ni sinema nzuri, lakini imetuacha na njaa.

HADITHI YENYEWE

Kwa waliochelewa kufika, hadithi ni hii. Katwe ni mtaa wa watu maskini mjini Kampala, Uganda. Huko alikulia binti mmoja, Phiona Mutesi. Si mtu wa kubuni, ni mtu wa kweli. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Mama yake, Harriet, alihangaika na biashara ndogo ndogo. Phiona aliacha shule kwa kukosa fedha, akawa anauza mahindi barabarani.

Katikati ya miaka ya 2000, kijana mmoja, Robert Katende, alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa ule mchezo wa sataranji. Watoto waliofika aliwapa uji. Phiona alimfuata kaka yake mpaka hapo, naye akavutwa na ule uji. Akaujua mchezo. Akawashinda wenzake, akawashinda na waliomzidi umri. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika mashindano makubwa ya dunia huko Urusi. Mwaka 2012 akaichezea tena huko Istanbul, Uturuki. Mwisho wa sinema anampatia mama yake nyumba, watu wanashangilia, imekwisha.

TUSEME MAZURI KWANZA

Mazuri yapo. Maskini wa sinema hii hawakuonyeshwa kama watu wajinga wanaosubiri kuokolewa na mgeni. Mwalimu ni Mwafrika. Mama ni mtu mwenye heshima yake. Anadaiwa kodi ya nyumba, anafukuzwa, lakini hakubali kuuza utu wake. Akina mama mliokuwa mmekaa mbele, tuliwasikia mkisema, "Huyu ni sisi kabisa." Ni kweli. Na watoto wengi wanaoigiza ni watoto wa Kampala wenyewe. Binti anayeigiza kama Phiona, Madina Nalwanga, naye alipokuwa mdogo aliwahi kuuza mahindi.

Hayo hatuyakatai. Sasa tuseme kilichotusikitisha.

ASKARI NANE, MALKIA MMOJA

Katika sataranji kila mchezaji ana kete 16. Nane kati ya hizo ni ndogo, huitwa askari. Askari akivuka ubao mpaka mstari wa mwisho wa upande wa pili, anaweza kugeuzwa kuwa malkia. Katika sinema, mtoto mdogo anayeitwa Gloria ndiye anayemfundisha Phiona jambo hilo. Na sinema yote imejengwa hapo: mdogo anaweza kuwa mkubwa.

Hebu tuhesabu, maana hesabu tumejifunza. Askari ni 8. Je, wangapi hufika kule mwisho? Mara nyingi hafiki hata mmoja. Akifika mmoja, wenzake wengi wameshaliwa. Wengine wamekufa wakimlinda yeye apite. Malkia anashangiliwa. Wale saba wako wapi? Wako pembeni mwa ubao.

Sisi watu wa Pwani tuna bao letu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Hakuna kete iliyo mfalme, wala hakuna kete iliyo askari. Zote ni sawa. Ukitaka ziende, unazichota pamoja, unazipanda moja moja, shimo kwa shimo, mpaka ufike unakokwenda. Bao nalo lina kuliwa, si mchezo wa kuhurumiana. Lakini nani amewahi kumwona mzee barazani akinyanyua kete moja na kusema, "Hii ndiyo iliyoshinda"? Hakuna. Ameshinda kwa kete zake zote.

Sinema hii imetufundisha kutazama kete moja.

WALIOSAHAULIWA

Phiona ana dada yake mkubwa, jina lake Night. Dada huyu anamfuata mwanamume mwenye pikipiki, baadaye anarudi nyumbani ana mimba. Jamani, hapa Ubena, kwenye barabara kuu ya Morogoro, magari na pikipiki zinapita usiku na mchana. Nani hapa asiyemjua Night? Lakini sinema inamweka pale kama onyo tu, halafu inaendelea na safari ya mdogo wake. Tulitaka kujua: na yeye atainuka kwa njia gani? Hajui sataranji. Je, asiye na kipaji abaki matopeni?

Tena sinema inatuonyesha umaskini, lakini haituambii unatoka wapi. Serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997. Phiona aliuza mahindi miaka kadhaa baadaye. Mbona hakuwa darasani? Ninyi wazazi mnajua jibu. Ada ikiondoka, bado kuna sare, daftari, viatu na chakula cha mchana. Sinema haikulifungua jambo hili. Inaonyesha pia mafuriko yakiingia mahali familia inapolala. Haisemi kwamba maskini wa mjini hupanga mabondeni kwa sababu ndiko kodi ilikoshuka, na kwamba mitaro ikiziba, maji ya mji mzima huwashukia wao. Ukitazama haraka utadhani umaskini ni kama mvua, unateremka tu toka mbinguni.

Na kuna jambo moja la huzuni lililotokea nje ya sinema. Mtoto aliyeigiza kama Gloria, yule mfundishaji mdogo, aliitwa Nikita Pearl Waligwa. Mwaka 2016 aligundulika ana uvimbe kwenye ubongo. Ilibidi watu wachange fedha ili apelekwe India kutibiwa. Alipata nafuu, ugonjwa ukarudi, akafariki Februari 2020, akiwa na miaka 15. Mungu amrehemu. Uso wake ulikuwa umeonekana dunia nzima. Lakini kuonekana dunia nzima hakuleti hospitali karibu na nyumbani. Hospitali huletwa na kazi nyingine.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mtu atasema, "Hiyo ni sinema tu, ya watu wa mjini, tena wa Uganda." Hapana, ndugu. Mawazo yale yameingia mpaka kwetu. Januari 2020 Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tulifurahi sote, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wapo vijana wetu ambao tangu hapo jembe wameliona laana, wanangoja bahati. Wengine wanaingoja kwenye kubeti. Fedha ya ufuta inaingia mfukoni asubuhi, jioni imekwisha.

Na sisi wazazi je? Tuna watoto watano, tunamchagua mmoja, "Huyu ndiye atakayetutoa." Mara nyingi ni mvulana. Tunamlipia yeye, wengine wanabaki kuchota maji. Huko ni kucheza sataranji na watoto wetu wenyewe. Na yule mmoja akishindwa, tunamlaumu. Mzigo wa nyumba nzima tumemtwisha mtoto wa miaka kumi na tatu!

WENGI WALIWAHI KUINUKA PAMOJA

Je, ipo njia ya wengi kuinuka? Ipo, na nyinyi wanakisomo ni mashahidi. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, 67 hivi hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, kwenye maghala, nyumbani kwa watu. Kufika mwaka 1986 wasiojua walikuwa 10 hivi katika kila 100. Hakukuwa na malkia. Hakuna aliyepewa medali kwa kuandika jina lake. Lakini bibi zetu walianza kusoma wenyewe mizani wakati wa kuuza mazao, na karani hakuweza tena kuwadanganya kirahisi.

Kweli, baadaye fedha zilipungua, madarasa yakalegea, na idadi ya wasiojua ikapanda tena. Hilo nalo ni fundisho. Jambo la wengi halitunzwi na shujaa mmoja. Tukiliacha wote, linakufa.

Mfano mwingine ni wa karibu. Novemba 2021 Serikali yetu ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kupata mtoto waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Tangazo moja, mlango ukafunguliwa kwa akina Night wa nchi nzima, wenye kipaji na wasio nacho.

TURUDI KWENYE UJI

Huenda mtu akatuuliza, "Sinema ya saa mbili ingeweza kusema yote hayo?" Si yote. Lakini kitu kimoja ilikuwa nacho mkononi, ikakipita mbio: kikombe cha uji. Phiona hakufuata sataranji, alifuata uji. Uji ulimweka pale, ndipo kipaji kikaonekana. Kama uji usingekuwapo, yule malkia angekuwa bado barabarani na beseni lake la mahindi, na dunia isingemjua. Sasa jiulizeni, hapa kwetu ni watoto wangapi wenye akili ambao hatujawaona, kwa sababu saa nne asubuhi wanasinzia kwa njaa?

Tupige hesabu. Tuchukue watoto 100. Kila mmoja apewe kikombe cha uji chenye gramu 50 za unga wa dona. Kwa siku moja ni kilo 5. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha: 194 mara 5 ni kilo 970. Ni magunia 10 hivi ya kilo mia. Gawanya kwa watoto 100. Kila mtoto ni kilo 10 hivi, yaani nusu debe la mahindi kwa mwaka mzima. Ongezeni sukari, kuni, maji na posho ya mpishi. Si bure, lakini si mlima. Nusu debe!

Hakuna mtu wa ng'ambo atakayekuja kutengeneza sinema ya sufuria yetu ya uji. Isitengenezwe. Watoto wakinywa, watakaa darasani wote, na kama yumo malkia, ataonekana akiwa katikati ya wenzake walioshiba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kama wewe ungeitengeneza sinema hii, ungesema nini zaidi juu ya Night?

2. Nyumbani kwako, je, kuna mtoto aliyeachishwa shule ili mwenzake asome? Nani aliamua?

3. Shuleni kwenu watoto wanakunywa uji? Kama hawanywi, kikwazo ni mahindi, ni kuni, ni maji, au ni sisi wenyewe kutokuaminiana juu ya nani atatunza ghala?

4. Mavuno yajayo, nani ataleta nusu debe la kwanza? Andikeni majina, na orodha msomewe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji.