Masharti ya Hiari: Sinema na Ushirikiano Unguja
(Mhadhara wa umma)



Hoja yangu ni moja: masharti tunayojiwekea kwa hiari ndiyo yanayowafanya wasanii wafanye kazi pamoja kwa dhati.

Mwaka 2003 Wadenmaki wawili, Lars von Trier na Jørgen Leth, walitoa filamu kuhusu vikwazo vitano. Leth alikubali kuitengeneza upya filamu yake fupi ya miaka ya 1960, kila mara kwa masharti ya mwenzake. Kwanza alipelekwa Cuba, na hakuna picha iliyoruhusiwa kuzidi fremu 12, yaani kama nusu sekunde. Akafaulu. Mara ya pili, Mumbai, alikatazwa kuwaonyesha watu wa pale. Akawaonyesha nyuma ya pazia linalopitisha mwanga. Von Trier akaona sharti limevunjwa, na adhabu ikawa Leth atengeneze atakavyo. Kumbe uhuru mtupu nao ni mzigo.

Kwa Mswahili hili si geni. Malenga hujifunga kwa vina, na katika shairi la kawaida kwa mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane. Wakijibizana, wa pili hufuata bahari ya wa kwanza, na hadhira hungoja kuona atatokaje.

Katika sinema tunaye Amil Shivji, aliyetoa Vuta N'kuvute mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Kwa kuchagua Zanzibar ya miaka ya 1950, alijifunga. Anayeirudia enzi hiyo katika Mji Mkongwe wa leo hukuta nyaya ukutani, dishi juu ya paa na pikipiki uchochoroni. Vyote havitakiwi kuonekana. Hapo mpiga picha, mpamba seti na mshona nguo hawawezi kufanya kazi kila mtu kivyake, maana kosa la mmoja huiharibu picha ya wote.

Tusiyachanganye haya na ufukara. Kukosa taa, au kushindwa kuwalipa waigizaji, ni dhiki, na dawa yake ni bajeti. Sharti la sanaa huchaguliwa, hutamkwa na hukubaliwa na wote kabla kamera haijawashwa.

Napendekeza wanafunzi wetu wafanye kazi wawili wawili, kila mmoja amwekee mwenzake masharti. La kwanza nalitoa mimi: filamu ya dakika tano kuhusu Unguja, isiyo na mlango wa nakshi, tanga la jahazi wala machweo ya Forodhani. Vitu hivyo vimezoeleka mno hata hatuvitazami tena. Atakayevikosa atakwenda sokoni Darajani, kwenye maghorofa ya Michenzani, au Paje kwa akina mama wakulima wa mwani, na atalazimika kuuliza na kusikiliza.

Kazi hizo zifikishwe mbele ya watu, ikiwezekana katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998. Masharti yasomwe kwanza, kisha filamu ionyeshwe, hadhira ihukumu.