Homa ya Mapafu kwa Mbwa Wadogo

Mbwa mdogo akikohoa na kukataa chakula, hesabuni pumzi zake alalapo: zikizidi 30 kwa dakika, au ufizi ukiwa wa buluu, yamkini ni homa ya mapafu. Mwiteni Bwana Mifugo upesi. Dawa za watu msimpe. Mlazeni pakavu pasipo moshi. Msimnyweshe uji kwa nguvu, usije ukaingia mapafuni ukamwua. Mara nyingi homa hii hufuata distempa, maradhi yaambukizayo ambayo mwaka 1994 yaliua theluthi ya simba wa Serengeti. Distempa ina chanjo; basi wachanjeni mbwa wangali wazima.