Choo Bila Komeo



Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa shule, mbele ya wanafunzi na wazazi wao. Nimeyaandika ili nawe uyapate.

Hebu nikuulize. Wakaguzi walipofika shuleni kwenu mara ya mwisho, waliacha nini? Siku hizi hapa Tanzania wanaitwa wathibiti ubora wa shule, lakini mtaani bado tunasema wakaguzi. Najua unachokumbuka: kufagia uwanja, kupaka mawe chokaa, kuja na sare safi. Wageni wakaondoka, mkapumua. Lakini waliacha ripoti, na ripoti hiyo haihusu masomo tu. Wanatazama pia afya na usalama wako, pamoja na mahali unapojisaidia.

Shule moja ya msingi ninayoitembelea kikazi ilipata ripoti kama hiyo. Pendekezo moja lilihusu vyoo. Kiwango kilichowekwa nchini ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ile ina wasichana 400, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: matundu 20. Walikuwa nayo 8. Kamati ya shule ikakaa, ikaulizia bei ya saruji, nondo na mabati, ikashusha pumzi. Ripoti ikarudi kabatini. Siwalaumu sana, maana bei ya saruji naijua.

Kilichoitoa kabatini ni mwalimu wa afya. Aliamua kuwasomea wanafunzi wenyewe ule ukurasa wa vyoo, kisha akauliza kama kuna la kuongeza. Kimya. Wavulana wakachekacheka. Ndipo msichana mmoja wa darasa la sita akasema, macho chini: "Mwalimu, hata hayo manane hatuyatumii yote. Milango mitano haina komeo."

Yaani watu wazima walikuwa wanahesabu matundu, kumbe wasichana wanahesabu milango! Mlango usiofungwa unahitaji rafiki wa kuushikilia kwa nje. Rafiki akikosekana, mtu anabana mkojo mpaka saa nane. Wengine walikuwa hawanywi maji asubuhi, makusudi. Dada yangu unayesoma hapa, kukaa bila maji na kubana mkojo kila siku kunakuweka karibu na maambukizo ya njia ya mkojo. Na akiwa kwenye siku zake je? Anaomba ruhusa saa nne, anakwenda nyumbani, harudi. Kwenye daftari la mahudhurio anaonekana mtoro tu. Hakuna aliyeandika habari ya komeo.

Makomeo matano hayahitaji mfadhili (najua gazeti hili linaishi kwa wafadhili, lakini acha niseme). Mzazi mmoja ambaye ni seremala aliyafunga Jumamosi moja, akamaliza kabla ya mchana. Kwa kweli hapo ndipo kamati ilipopata nguvu ya kuisoma ripoti upya, sasa kwa swali jingine: lipi tunaliweza mwezi huu?

Walianza na kunawa mikono. Wanafunzi walitengeneza vibuyu chirizi kwa madumu ya lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia. Unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono wako mchafu haugusi dumu. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia mdomoni mwa mwingine, kwa maji, chakula au mikono. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi kwa njia hizo hizo. Maji peke yake hayatoshi. Inatakiwa sabuni, hasa ukitoka chooni na kabla ya kula.

Matundu mapya je? Mawili yamechimbwa kwa nguvu za wazazi. Kumi bado, na barua ipo halmashauri. Msichana yule wa darasa la sita sasa anaingia kwenye kikao cha kamati kila wanapozungumzia vyoo. Mwanzoni mzee mmoja alinung'unika kwamba mtoto hakai kikao cha wakubwa. Alipoulizwa yeye mara ya mwisho aliingia lini kwenye vyoo vile, alinyamaza.

Na sabuni ya kwanza iliibiwa siku ileile. Sasa wanaitia kwenye soksi kuukuu, wanaifunga fundo, wanaining'iniza kwenye mti wa kibuyu. Hiyo bado ipo.