Shule ya Watoto Wadogo Mwaloni: Nani Abebe Gharama?

TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI WA VISIWANI

Maneno kamili ya mazungumzo juu ya kuanzisha na kukuza shule ya jamii ya Montessori yenye gharama nafuu, yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali, wajumbe wa Serikali za Vijiji na wakazi wa visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria, Mkoa wa Mwanza.



Mitumbwi ya dagaa hurejea mwaloni alfajiri. Wavuvi waliokesha na taa majini huenda kulala, na kazi huangukia mikononi mwa akina mama. Dagaa lazima watolewe, wasafishwe, waanikwe mchangani au kwenye chanja, wageuzwe, walindwe dhidi ya ndege, na wakusanywe upesi mvua inapotishia. Katika kambi za Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome saa hizo hazina nafasi ya jambo jingine. Mtoto mchanga hubebwa mgongoni. Mwenye miaka saba yuko shuleni, au yampasa awepo. Swali ni juu ya mtoto wa miaka mitatu au minne, ambaye amekwisha kuwa mzito kubebwa na bado ni mdogo kuandikishwa. Huyo huachwa na dada yake, na dada hukosa shule; au huachwa na wenzake ukingoni mwa maji. Kila mkaaji wa mwaloni anajua kijiji kilichowahi kutafuta mtoto jioni.

Mazungumzo haya yanahusu mtoto huyo. Yanahusu pia jina ambalo siku hizi huonekana kwenye vibao vingi vya shule za mjini Mwanza na kwingineko nchini, jina la Montessori, ambalo wananchi wengi hulihesabu kuwa ni la watoto wa wenye magari. Inafaa ikumbukwe lilikotoka.

Maria Montessori alikuwa mganga, aliyehitimu udaktari mjini Roma mwaka 1896. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari, 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Wazazi wa pale walitoka asubuhi kwenda vibaruani, na watoto ambao hawajafikia umri wa shule walibaki peke yao kwenye ngazi na viwanja vya majengo, wakichafua kuta na kuharibu mali. Kampuni iliyomiliki majengo hayo ilipiga hesabu, ikaona ni nafuu kutoa chumba na kumlipa mlezi kuliko kukarabati kuta kila mara. Wazazi hawakutozwa ada. Walitakiwa kumleta mtoto akiwa msafi na kufika kuzungumza na mlezi angalau mara moja kwa juma. Mlezi wa kwanza hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa binti wa bawabu wa jengo lenyewe.

Mambo mawili katika historia hiyo yanastahili kuangaliwa na kila Serikali ya Kijiji. La kwanza, shule hiyo ilizaliwa katika hali inayofanana sana na ya mwaloni. La pili, ambalo hutajwa kwa nadra, aliyebeba gharama hakuwa mama maskini. Alikuwa yule aliyepata faida watoto walipotunzwa.

Kuhusu mafunzo yenyewe, maelezo mafupi yatatosha. Watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa chumba kimoja, wakubwa wakiwasaidia wadogo. Vifaa hupangwa kwenye rafu fupi, na kwa kawaida kila kifaa ni kimoja tu, ili mtoto ajifunze kusubiri zamu. Mtoto huchagua kazi, huifanya juu ya mkeka wake kwa muda anaoutaka, kisha huirudisha mahali pake. Hupewa muda mrefu usiokatizwa, kama saa tatu hivi kila asubuhi. Kazi za kwanza ni za nyumbani: kumimina maji bila kumwaga, kufagia, kufunga vifungo, kunawa. Mwalimu huonyesha mara moja, polepole, na kwa maneno machache. Kisha hukaa kando akitazama.

Vifaa hivyo si lazima viagizwe ng'ambo. Vibuyu, vikombe, nafaka za kuchambua, vitambaa vya kukunja na mikeka vipo katika kila kijiji. Mnara wa vipande kumi vya mbao, kuanzia kipande chenye upande wa sentimita 1 hadi chenye upande wa sentimita 10, unaweza kutengenezwa na seremala wa Nansio. Hapa lakini pana tahadhari: seremala apime kwa rula, wala asikadirie kwa jicho. Kazi ya mnara ule ni kumwezesha mtoto kuona kosa lake mwenyewe bila kukemewa, na vipande vilivyokatwa ovyo humdanganya. Afadhali vifaa sita vilivyo sahihi kuliko rafu nzima ya mapambo.

Herufi ni habari nyingine njema. Montessori alimfundisha mtoto kupitisha kidole juu ya herufi ya karatasi ya msasa huku akitamka sauti yake. Njia hiyo ilianzia katika Kiitaliano, lugha ambayo herufi na sauti hufuatana kwa karibu. Kiswahili nacho kiko hivyo. Mtoto aliyekwisha kushika sauti za herufi, pamoja na zile za kuunganisha kama ch, sh, ny na ng', ana ufunguo wa karibu kila neno atakalokutana nalo. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Basi ni ajabu kidogo kwamba vibao vingi vyenye jina la Montessori huahidi Kiingereza kwanza, na wazazi hulipia ahadi hiyo kwa shida. Kwa mtoto wa Ukara aliyelelewa kwa Kikara, Kiswahili chenyewe ni hatua ya kutosha kwa mwanzo, na ndicho kitakachomkuta katika darasa la awali la Serikali. Mchanga wa ziwani uliochekechwa na kubandikwa kwa gundi kwenye kadibodi hufanya kazi ya msasa.

Aidha, wananchi waelewe kwamba jina la Montessori halilindwi. Yeyote aweza kuliandika ukutani. Mzazi asisome kibao. Aingie chumbani, atazame kama watoto wanafanya kazi kwa mikono yao au wamekaa safu wakiimba majibu baada ya mwalimu.

Kwa hiyo uzito wote wa jambo hili uko kwa mwalimu. Nchini Tanzania mafunzo ya ualimu wa Montessori yameendeshwa kwa muda mrefu, hasa na mashirika ya masista wa Kanisa Katoliki, na vyuo vya Lushoto na Msimbazi, Dar es Salaam, vinajulikana. Mwalimu atokaye mbali, hata akiwa hodari, mara nyingi huondoka kisiwani baada ya msimu mmoja wa upepo. Njia iliyoonyesha kudumu ni kumpeleka mafunzoni binti au mama wa pale pale. Karibu na Nakuru, Kenya, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007, shule ya Montessori iitwayo Corner of Hope ilianzishwa miongoni mwa watu waliofukuzwa makwao, na walimu wake walifundishwa kutoka miongoni mwa wakimbizi hao hao.

Mfano wa karibu zaidi kwa upande wa uendeshaji si wa Montessori. Ni mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980, kwa ombi la viongozi wa Waislamu na kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, mwalimu Bi. Swafiya Said akiwa mstari wa mbele. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ukaenea katika jumuiya zaidi ya 200. Kila jumuiya ilitoa jengo, ikachagua kamati, ikapendekeza wanawake wa kufundishwa, na ikaweka mkataba wa maandishi na kituo cha mafunzo. Vifaa vilitengenezwa kwa makombe, vifuu na vizibo. Shule nyingi zilisimama. Udhaifu wake ulikuwa ule ule unaojulikana kila mahali: mshahara wa mwalimu ulitegemea ada za wazazi, ada zilichelewa, na walimu waliokwisha kufundishwa waliondoka.

Hapo ndipo hesabu inapohitajika. Tarakimu zifuatazo ni kielelezo tu, na mshahara halisi usipungue kima cha chini kilichotangazwa na Serikali. Chukulia watoto 40, kila mmoja akichangia Sh. 1,000 kwa siku, kwa siku 20 za mwezi. Jumla ni Sh. 800,000. Walimu wawili wakilipwa Sh. 300,000 kila mmoja, zinabaki Sh. 200,000 za uji, sabuni na kuni. Wazazi kumi wakishindwa kulipa, mapato yanakuwa Sh. 600,000. Walimu wanalipwa na sufuria inabaki tupu. Wakishindwa kumi na watano, hata mshahara haukamiliki. Na watakaoshindwa ni wale wale ambao shule imeanzishwa kwa ajili yao.

Sasa chukulia mwalo huo una mitumbwi 20, na kila mwenye mtumbwi anatoa Sh. 1,000 kwa kila usiku anaovua, usiku 20 kwa mwezi. Hizo ni Sh. 400,000. Mchango wa mzazi unashuka hadi Sh. 500 kwa siku, na jumla inabaki ile ile ya Sh. 800,000. Wazazi kumi wakikosa, pengo ni Sh. 100,000 tu, na uji haukatiki. Mwenye mtumbwi anaweza kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu. Dagaa wake hukaushwa na mama ambaye, mtoto akiwa salama, hageuki kila dakika kutazama maji. Kampuni ya San Lorenzo iliielewa hesabu hiyo kwa ajili ya kuta tu.

Ni vema pia michango ifuate mwezi wa angani, isingoje mwisho wa mwezi wa kalenda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa kazi hupungua na fedha hukauka. Mkusanyaji anayepita tarehe 30 akakuta mbalamwezi atarudi mikono mitupu na kuwaita watu wakaidi. Mchango ukusanywe wakati wa giza na sehemu iwekwe akiba. Asiye na fedha apokewe dagaa wakavu kwa kipimo kilichokubaliwa, kamati iwauze. Hali kadhalika mlango ufunguliwe mitumbwi inapofika. Shule inayofunguliwa saa 2 asubuhi imekwisha kuchelewa. Na kwa kuwa kambi huhama, kila mtoto awe na kadi yake ya maendeleo itakayokwenda naye kisiwa kingine.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni anasa na kwamba mtoto wa mvuvi amekua hivyo siku zote. Waliokua ndio wanaosema hivyo. Nchini Bangladesh, ambako watoto wengi wadogo hufa maji, vituo vya kijiji vinavyowakusanya watoto kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, wakati mama wana kazi nyingi, vimepunguza sana vifo hivyo, na Shirika la Afya Duniani limeyaingiza malezi ya mchana katika mapendekezo yake ya kuzuia watoto kuzama.

Kuhusu taratibu: elimu ya awali katika shule za Serikali haina ada tangu Januari 2016, na kituo cha mwaloni hakiruhusiwi kuwa njia ya kurudisha ada hiyo kwa mlango wa nyuma. Mahali pake ni kwa watoto ambao bado hawajaanza darasa la awali, na kwa wale ambao darasa hilo liko ng'ambo ya maji. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kupitia Ustawi wa Jamii. Kinachotaka kukua na kuwa shule ya awali kinahitaji usajili wa Wizara yenye dhamana ya elimu, chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353. Ni busara kuanza na kituo, kuendesha chumba kimoja hadi walimu wawe wamelipwa mfululizo kwa mwaka mzima, na hapo ndipo kufikiria chumba cha pili.

Kijiji kinachokusudia kuanza kiliweke suala hili kwanza katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, wenye mitumbwi wakiwepo, na mchango wa kila upande uandikwe katika muhtasari kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa. Muhtasari huo, pamoja na majina ya wanakamati na ya wanawake waliopendekezwa kwa mafunzo, upelekwe na Afisa Mtendaji wa Kijiji kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Eneo la kituo lioneshwe kwenye mchoro, na umbali wake kutoka ukingo wa maji uandikwe kwa hatua.